Mama Ngazi na Ghorofa za Bahari

Ndugu, jamaa na marafiki, mstari wenye vipande-vipande mnaouona kwenye jalada la ratiba hii si kosa la mpiga chapa. Mpiga chapa mwenyewe alidhani ni kosa. Alinipigia simu juzi, akaniuliza kwa ile sauti ya upole ambayo watu huwatolea waliofiwa, kama anaweza kuusawazisha kidogo ili upendeze. Nilimwambia akiugusa, jeneza atalibeba peke yake.

Mstari huo ni wa marehemu. Kila kipande kilichosimama na kila kipande kilicholala aliwahi kukigombania. Mimi ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na mnajua sisi mawifi tulivyo, hatusifu bure. Nadhani ndiyo sababu alisema mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kwamba wasifu wake niusome mimi na si mwanawe, kwa kuwa mwanawe angelia na mimi ningesema ukweli. Ukweli nitausema. Kuhusu kulia siahidi kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mwangalizi wa boila pale kiwandani, mama yake fundi cherehani. Nyumba zile zilikuwa na bafu moja la pamoja uani, na maji ya moto yaliletwa kwa ndoo kutoka kwenye boila yakamiminwa kwenye pipa juu ya maji ya baridi. Mama yake alinisimulia kwamba mtoto huyu alikuwa akichelewesha foleni nzima ya bafuni. Alitia mkono ndani ya pipa hadi kwapani, akautoa, akautia tena. Juu moto, chini baridi, na yeye akitaka kujua ni nani anayeyazuia yasichanganyike. Majirani walimpigia kelele akoroge, aoge, atoke. Alikoroga, lakini shingo upande.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na mwaka 1966 akaingia sekondari ya wasichana ya bweni, ambako mwalimu wa fizikia aliandika kwenye ripoti yake kwamba ana kichwa kizuri na mdomo mkubwa. Vyote viwili vilikuja kumfaa. Alisoma fizikia chuo kikuu, akahitimu mwaka 1974, kisha akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea elimu ya bahari. Alirudi na shahada ya pili, koti moja zito ambalo hakulivaa tena maisha yake yote, na habari ya kitu alichokiita vidole vya chumvi. Nitawaeleza ni kitu gani tukifika jikoni, maana mimi mwenyewe sikukielewa mpaka kilipoletwa jikoni kwetu.

Tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari, lile jengo la karibu na gati lenye madirisha yaliyoliwa na kutu. Taasisi ilikuwa na chombo kimoja tu cha maana cha kupimia, silinda ya chuma ndefu kuliko mtu, ambayo wenyewe waliita Mtungi. Mtungi uliteremshwa kutoka melini kwa waya wa winchi, na ulivyozidi kuzama ukapima joto la maji na chumvi yake, huku kalamu ikichora mstari kwenye karatasi kule juu. Sasa meli huyumba. Ikipanda na wimbi, Mtungi nao unavutwa juu. Ikishuka, nao unaachiwa. Kwa hiyo mstari ulitoka na ngazi-ngazi, na wakubwa walishazoea kwamba ngazi hizo ni mtikisiko mtupu. Ndiyo maana taasisi ilikuwa na chumba kilichoandikwa mlangoni CHUMBA CHA KUNYOOSHA. Mtu aliketi humo na rula laini ya kupinda, akaondoa ngazi moja baada ya nyingine mpaka mstari ukateremka vizuri, ndipo ukaruhusiwa kuingia kwenye ramani. Kazi ya kwanza ya wifi yangu, pamoja na shahada zake zote, ilikuwa kuketi kwenye kiti hicho.

Alinyoosha kwa muda mfupi tu kabla damu haijaanza kumchemka. Alikubali kwamba ngazi nyingine zililetwa na meli. Lakini zilikuwepo nyingine zilizojitokeza kwenye kina kilekile, safari hii na safari ile, bahari ikiwa imechafuka na bahari ikiwa imetulia kama maji ya beseni. Alizikusanya karatasi zake akaenda kwa Mkuu wa maabara. Mkuu mwenyewe ameketi hapa leo, mstari wa pili. Mkuu, shikamoo. Utaniwia radhi, lakini marehemu aliniagiza nisipunguze kitu.

Marehemu alimwambia kwamba ngazi zile ni za bahari yenyewe. Alisema wenzao wa nchi nyingine wameshaziona katika bahari nyingine, na kwamba hapa kwetu zipo pia, ila kila zikijitokeza tunazifuta kwa mikono yetu. Mkuu alizitazama karatasi kwa adabu, akazirudisha.

"Bahari haina ghorofa, binti," alisema. "Rudi ukanyooshe."

Habari ikapita korido nzima kabla hajafika kwenye kiti chake. Wakasema msichana wa ng'ambo anatia chumvi, wakacheka kweli kweli, na kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Ngazi. Kwa hiyo msidhani jina hilo lilianza kama heshima. Lilianza kama kejeli, na alilibeba hivyo kwa miaka. Alirudi kunyoosha kwa sababu alihitaji mkate, lakini kila mstari alioufuta alibaki nao kichwani, na mtu akiwa na kitu cha namna hiyo kichwani hakai na raha hata kwenye harusi ya watu.

Mumewe, mdogo wangu huyu hapa, alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya bandari. Aliitwa kwenda kutengeneza winchi ya taasisi na akarudi nyumbani akizungumzia ngazi zilizoko ndani ya maji. Nilidhani ameanza kunywa. Siku chache baadaye akatuletea mchumba, mwembamba, miwani mikubwa, na baba yetu alipomuuliza kwa heshima anafanya kazi gani, badala ya kujibu kama watu wengine aliomba chupa pana ya kioo, chumvi, maji ya moto na kiazi chekundu cha bitiruti.

Niliduwaa. Nilijiuliza huyu amekuja kujitambulisha au amekuja kutuchezea jikoni. Alijaza chupa nusu kwa maji baridi ya bomba. Kwenye sufuria akakoroga maji ya moto na chumvi, akayapaka rangi kwa bitiruti, kisha akayamimina polepole sana juu ya mgongo wa kijiko, tone kwa tone, mpaka chupa ikawa na maji mekundu juu na meupe chini, hayagusani kwa fujo. Tukakaa kuzunguka meza. Mara kutoka kwenye ule wekundu vikaanza kuchomoza vitu vyembamba kama nyuzi, vikishuka kimya kimya ndani ya maji meupe. Baba aliinama mpaka miwani yake ikagonga kioo.

Marehemu alieleza hivi, nami nayarudia kama nilivyoyashika. Maji ya juu yana chumvi, na chumvi ni mzigo, lakini yana moto, na moto unayafanya mepesi, ndiyo maana yanaelea. Shida ni kwamba joto halikai. Likigusana na baridi linahama upesi, ila chumvi haina haraka. Basi tone la juu likichungulia chini kidogo tu, linanyang'anywa joto lake kabla chumvi haijatoka. Limebaki na mzigo wote na halina tena cha kulishika juu. Linazama, na jirani yake naye anazama, ndiyo vile vidole. Na baharini, alisema, vidole hivi vikifanya kazi siku nenda rudi, maji hujipanga tabaka juu ya tabaka. Ndani ya kila tabaka maji yamechanganyika sawasawa, na kati ya tabaka moja na jingine kuna ukingo mkali. Ukipima kutoka juu hadi chini, unapata ngazi. Na ukizifuta ngazi hizo kwenye ramani, umekosea hesabu ya joto na chumvi vinavyokwenda chini, na aliyekosea hapo asijidanganye kwamba hesabu zake nyingine za bahari zimesalimika.

Mama yetu aliuliza nani ataosha chupa. Baba akasema huyu asiondoke. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Septemba 1979, wakajaliwa binti mwaka 1981 na mtoto wa kiume mwaka 1985. Walikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kwa jirani, jirani nilikuwa mimi. Chakula chake, kwa heshima zote, hakikuwa na chumvi. Mdogo wangu alikila miaka yote bila kunung'unika, na ninaomba hilo nalo liandikwe.

Sasa nifike pale ambapo yeye mwenyewe angetaka nifike.

Mwaka 1983 alirudi kwa Mkuu na pendekezo. Alisema kama ngazi zinaletwa na kuyumba kwa meli, basi Mtungi ukatwe uhusiano na meli. Uachiwe baharini bila waya wowote, uzame wenyewe kwa utulivu, uandike kila kitu ndani ya tumbo lake, kisha urudi juu. Ngazi zikipotea, Mkuu alikuwa sahihi. Zikibaki, ni za bahari. Mkuu alikumbusha kwamba Mtungi ni mmoja tu na hakuna mwingine unaokuja. Marehemu alisema anajua. Mkuu alifikiri, akasema sawa, kwa sharti moja.

"Mtungi usiporudi, na wewe usirudi ofisini."

Alikubali palepale, akiwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani. Niliposikia nilimpa ukweli wake, nikamwambia anajipalia makaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama anaweza kuazima pipa langu la maji ya kufulia.

Mpango wao ulikuwa huu. Mtungi uvalishwe maboya ya kuuinua, na chini yake uning'inizwe mzigo wa vyuma chakavu wa kuuzamisha. Kati ya Mtungi na vyuma, kiungo kiwe jiwe la chumvi, lile wanalolamba ng'ombe, ambalo marehemu alilinunua kwenye duka la vyakula vya mifugo akaulizwa ana ng'ombe wangapi. Jiwe likiyeyuka, vyuma vinadondoka, Mtungi unaelea kurudi juu. Mdogo wangu alichomelea ndoano, fundi redio wa taasisi akafunga kinasa ndani, na majaribio yakafanyika kwenye pipa langu. Jiwe lilipoyeyuka vyuma vikapiga kitako cha pipa, ngo, pipa likatoboka, na mdogo wangu akamnyanyua mkewe juu mbele ya majirani wote. Pipa sikulipwa mpaka leo, lakini hilo tumelisamehe.

Meli iliondoka tarehe 17 Novemba 1983. Mdogo wangu alikuwemo kama fundi, na Mkuu alikuwemo kama hakimu. Yote ninayoyasema nimesimuliwa na wao wawili. Asubuhi waliuachia Mtungi, ukazama bila kelele, na marehemu akasema utarudi kabla ya chakula cha mchana. Chakula cha mchana kikaja kikaliwa. Mtungi haukuonekana. Mabaharia wakaanza kumkwepa macho. Nahodha akasema hali ya hewa inageuka na yeye ana meli ya kurudisha. Mkuu alisimama ukingoni akiipekua bahari kwa darubini.

Marehemu alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba, ameshika kichwa. Ghafla akajipiga paji la uso. Alikuwa amepimia jiwe lile kwenye maji ya bomba. Maji ya bomba hayana chumvi, jiwe linayeyuka haraka. Bahari imeshashiba chumvi yake, na kule chini kuna baridi, jiwe halina haraka hata kidogo. Yaani mwanamke aliyesomea chumvi mpaka ng'ambo alisahau kwamba bahari ina chumvi.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema vyuma vimenasa au ndoano imeharibika, na mzigo ungemwangukia mumewe. Badala yake alisimama akaenda mbele ya Mkuu, mabaharia wote wakisikia.

"Mkuu, nimekosea. Nilipima kwenye maji ya bomba. Jiwe litayeyuka, ila polepole. Naomba tungoje."

Baharia mmoja alicheka. Mkuu hakucheka. Ametuambia baadaye kilichompitia kichwani: mtu wa kubuni ngazi ambazo hazipo asingekubali kujitia aibu ya namna ile mbele za watu. Aligeuka kwa nahodha akamwambia meli haiondoki, na lawama yote ataibeba yeye. Wakangoja. Upepo ukaongezeka, chai ikapoa kwenye vikombe, na wifi yangu akazunguka meli ile akipiga jicho kila upande mpaka sauti ikamkauka kwa kujisemesha. Mpishi alikuwa ametoka nyuma kumwaga maji machafu jioni ilipokaribia, na ndiye aliyeita kwamba kuna pipa lenu huku linaelea.

Waliuvuta Mtungi juu, wakafungua kinasa, wakakiunganisha na kalamu. Mdogo wangu anasema wote waliinama juu ya karatasi. Kalamu ikateremka, ikalala. Ikateremka, ikalala. Hakukuwa na waya, hakukuwa na winchi, hakukuwa na wimbi la kusingiziwa, na ngazi zilikuwepo, safi, zilezile, kwenye kina kilekile alichokuwa akikitaja tangu kwenye kile kiti cha kunyoosha. Mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Kisha akasema kwa sauti ambayo meli nzima iliisikia kwamba bahari ina ghorofa.

Jumatatu iliyofuata Mkuu alikwenda na bisibisi akakifungua mwenyewe kile kibao cha CHUMBA CHA KUNYOOSHA. Pakawa mahali pa kunywea chai. Ramani zote za zamani zikatolewa makabatini, karatasi za awali zikatafutwa, na ngazi zikarudishwa moja moja. Kazi hiyo ilichukua miaka na marehemu aliisimamia akiwa na raha ya mtu anayerudishiwa mali yake. Makala zake zilisomwa mbali, wageni wakaja na mabegi yao kumuuliza maswali, na mwaka 1994 alikabidhiwa ukuu wa maabara ileile. Jina la Mama Ngazi likawa la heshima, likaandikwa kwenye kikombe chake cha melini. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akimletea mstari ulionyooka mno, aliurudisha bila kuusoma na kumwambia akamletee ule wa kweli. Alistaafu mwaka 2011, kwa maneno tu.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya figo pamoja na shinikizo la damu. Daktari, kijana mwenye staha asiyejua anazungumza na nani, alimkataza chumvi. Familia nzima tulikuwa wodini, na tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Marehemu ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Alipowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu hakulalamika. Aliwaeleza wagonjwa wa vitanda vya jirani jinsi chumvi inavyopenya ule utando na kwa nini inachukua muda, na wako waliosema kwamba tangu siku hiyo hofu yao ya mashine ilipungua. Mateso alikuwa nayo, sitaficha. Usiku mwingine alishika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini hakukata tamaa, na hakumruhusu mtu amwonee huruma mbele yake.

Mwanzoni mwa Mei mwaka huu wa 2023 meli ya taasisi ilikuwa baharini ikiongozwa na mwanafunzi wake, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara. Marehemu aliwaomba wasimame pale paliposimamwa mwaka 1983. Tarehe 8 simu ililia, binti yake akaiweka sauti ya juu karibu na mto.

"Mama, zipo," mwanafunzi alisema. "Zote. Palepale."

Marehemu alifumba macho, na kwa muda tulidhani amesinzia. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimesikia. Nilimwambia nimesikia, wifi, zipo. Alitabasamu, na sijawahi kuona mtu mgonjwa aliyeshiba furaha kiasi kile. Alifariki dunia kesho yake, Jumanne tarehe 9 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Nalia kwa kumkosa. Sitalia kwa kumwonea huruma, kwa sababu hakuna cha kumwonea.

Marehemu ameacha mume, ambaye ni mdogo wangu, binti mmoja na mwana mmoja, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada mmoja, na wifi mmoja ambaye mnamsikia. Ameacha pia wanafunzi wengi, baadhi yao wakiwa baharini hivi sasa. Jana jioni Mkuu wake wa zamani alinivuta pembeni akaniomba kwamba nikifika hapa, nisimtaje miongoni mwa waliokuwa wakubwa wake wa kazi. Aliomba nimweke kwa wanafunzi.

Nimemweka wa kwanza. Wifi, umeshinda. Lala kwa amani.